Mgomba wa Tito

Kamachumu, 4 Agosti 2024

Kwako mwanangu Flaviana,

Hamjambo huko Silver Spring? Mkwe wangu Christophe hajambo? Na mjukuu wangu Keza, bado ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza? Msemeshe tu, usichoke. Sisi huku tupo. Mvua imekatika mapema, ndizi zimekonda, na paka wa mdogo wako Leonard amezaa ndani ya sanduku langu la vitenge, nimebaki kuazima kitenge cha kanisani. Baba yako moyo unamsumbua. Daktari wa Mwanza anataka kumfanyia upasuaji mwakani. Asubuhi anakubali, jioni anakataa, unamjua.

Sasa nisikilize. Kwa jambo hili usinipigie simu. Simu yangu ikilia baba yako ananyang'anya, anaweka sauti kubwa, nyumba nzima inasikia. Ukituma ujumbe Leonard anausoma kabla yangu. Ndiyo maana nimeshika kalamu, mwalimu mstaafu mimi, naandika kwa kujificha jikoni.

Jumapili wazee wa ukoo walikuja. Baba yako aliwaita mwenyewe, mimi nikaambiwa nipike. Wamekata shauri kwamba Desemba hii, watu wakisharudi nyumbani kwa Krismasi, watamzika Tito. Wanasema huu ni mwaka wa tatu mdogo wako hajapiga simu, hajaandika, hajaonwa na mtu, kwa hiyo ni marehemu. Watakata mgomba, wataufunga shuka kama maiti, watauzika pale nyuma ya nyumba, kisha Leonard atatajwa mrithi wa baba yenu mahali pa kaka yake. Na mtu akishazikiwa mgomba amekufa, Flaviana. Hata akitokea mlangoni kesho yake, watu watamkimbia, hakuna wa kumpa maji ya kunywa.

Mwanangu hajafa! Nimemzaa mimi, ningejua. Nilimwambia baba yako hivyo mbele ya wazee. Akanitazama, akaomba aongezewe chai. Mwanamume gani huyu?

Wewe na Tito mmesoma chuo kimoja, yeye akikufuata nyuma. Aliwahi kuniambia kwamba kila Oktoba kuna wikendi moja wanafunzi wa zamani wanarudi, kunakuwa na bendi na mpira na nyama choma, na kwamba hataikosa hata akiwa anaumwa. Nenda huko. Nipatie sauti yake tu, na wazee hawa nitawafukuza kwa mwiko. Nenda mwanangu, nakupigia magoti.

Mama yako,
Domina

*

Silver Spring, 1 Septemba 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeikuta juzi kwenye kisanduku, katikati ya matangazo ya pizza, nusura niitupe. Keza ameanza darasa la kwanza. Christophe siku hizi anaendesha basi dogo la kuwapeleka wazee hospitali, na mimi bado niko kwenye ile nyumba ya kutunza wazee. Kwa hiyo nyumba yetu nzima inaishi kwa wazee wa watu huku wazee wetu mnahangaika peke yenu. Pole, Mama. Mpe Baba pole ya moyo.

Nimesoma uliyoandika nikiwa nimesimama, nikakaa, nikasoma tena. Mama, mimi nimemtafuta. Sikukuambia yote. Nimeuliza hospitalini, nimeuliza magerezani, nimekwenda wanakolala watu wasio na nyumba. Nimetembea na picha yake kwenye makanisa ya Wakongo na Warundi, na kwa Watanzania wenzetu, Wakristo kwa Waislamu, kutoka hapa mpaka Riverdale Park. Kuna siku nilipigiwa simu nikatazame kijana mmoja aliyekufa bila kitambulisho. Nilikwenda. Hakuwa yeye. Nilirudi nyumbani nikilia kwa furaha, halafu nikamkumbuka mama wa yule kijana, nikaona haya.

Mji ule wa chuo sijaukanyaga tangu nihitimu. Uko mbele kidogo ya Germantown, si mbali, lakini Tito alipopotea niliuchukia. Kila niliyempigia simu pale alinijibu vilevile: alikuwa hapa, kijana mzuri, anapiga ngoma kwenye bendi, hatujui. Kumbe nilisahau hiyo wikendi. Wao wanaiita homecoming, kurudi nyumbani. Wapiga ngoma wa zamani huwa wanaalikwa kupita na bendi. Kama kuna mahali Tito atatokeza pua, ni pale.

Nitakwenda. Nimemwomba Macaire, yule Mkongo aliyekuwa akikaa naye chumba kimoja, twende wote. Mwambie Baba asubiri. Mwambie ni mimi ninayemwomba, binti yake, ambaye sijawahi kumwomba kitu.

Tuombe Mungu atuletee Tito.

Wako,
Flaviana

*

Kamachumu, 22 Septemba 2024

Flaviana,

Hatujambo, kila mtu anakusalimu. Sina muda, Leonard anakwenda Bukoba sasa hivi na barua hii ataitia posta akidhani ni ya kikundi cha akina mama.

Nilimwambia baba yako asubiri. Nilimwambia ni wewe unayeomba. Unajua alifanya nini? Alimwita Leonard, akamwamuru aweke tangazo kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, na picha ya Tito, na tarehe: maziko ni Jumamosi, 28 Desemba. Akasema, "Waambie walio Marekani walitangaze huko. Kila mtu asikie." Nikamuuliza, wewe mzee, una haraka gani ya kumtia mwanao shimoni? Akasema, "Nyamaza, Domina." Miaka yote ya ndoa hakuwahi kuniambia ninyamaze.

Mchungaji amekataa kuhubiri juu ya mgomba. Amesema atakuja kutuombea sisi tulio hai, basi. Wazee hawakujali. Jana shemeji zangu wamekuja kuniomba nguo za Tito ili zivishwe huo mgomba. Nimewaambia panya wamezila. Nimevaa sweta lake la sekondari ndani ya gauni langu mchana kutwa, najua nanuka jasho, wala sijali.

Ukirudi mikono mitupu, siku hiyo nitaingia shimoni mimi. Naapa mbele ya Mungu. Wanifukie mimi na mgomba wao.

Mama

*

Silver Spring, 20 Oktoba 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo, na Baba mpe shikamoo. Keza ameng'oka jino. Christophe ana mafua. Hapa majani ya miti yameshakuwa mekundu na baridi imeanza kuuma vidole.

Tulikwenda wikendi iliyopita, mimi, Christophe, Keza na Macaire. Ile treni ya Germantown haifanyi kazi Jumamosi, kwa hiyo tulikwenda na gari letu. Mama, watu! Mji mdogo vile, ukafurika. Wamefunga mahema meupe uwanja mzima, kila hema na mwaka wake wa kuhitimu. Unafika, unapewa tisheti ya mwaka wako. Wazee wa miaka themanini na tisheti zao, wanakumbatiana, wanaitana majina ya utani. Hema la kina Tito lilikuwa karibu na jukwaa. Nilisimama mlangoni na picha. Msichana mmoja aliitazama akasema, "Oh, Tito! How is he?" akanikumbatia. Kumbe hata hawajui kwamba hakumaliza.

Nilikutana na mwalimu wangu wa kemia, amezeeka, hakunikumbuka ila alijifanya ananikumbuka. Tulikula nyama ya kuchoma kwenye mkate, haina chumvi. Halafu gwaride likapita barabara kuu. Kwanza bendi ya wanafunzi, sare za bluu, tarumbeta zinang'aa. Nyuma yao wapigaji wa zamani. Nilipanda juu ya benchi. Nilimtazama kila mpiga ngoma usoni, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho, mwanamume mnene amefunga ngoma juu ya kitambi. Tito hakuwemo. Christophe alinishika kiuno nisianguke.

Nilimkamata Macaire, nikamwambia, wewe uliishi naye, sema ukweli. Akasema kwa Kiswahili chao cha Kongo, "Da Flaviana, miye sijue. Nilimuona mwezi wa ine, kiisha basi." Wala hakunitazama.

Jumapili tulirudi nyumbani.

Mama, nimefikiri sana. Kama Baba na wazee wameshaamua, labda tuwaache. Labda ni vizuri jambo hili lifungwe ili Baba aende kwenye upasuaji na moyo mmoja. Usije ukafanya ulichoapa, tafadhali. Keza anakuhitaji. Mimi nakuhitaji.

Flaviana

*

Kamachumu, 10 Novemba 2024

Flaviana,

Salamu zako zimefika. Senene wameanza kuruka, watoto wa jirani hawalali, na mimi nimewanyonyoa mabawa ndoo nzima ya kukaanga bila kujua ninachofanya. Baba yako anakwenda barabarani kila asubuhi, anakaa pale kwenye jiwe, anarudi mchana. Anasema anafuata jua.

Mimi nimefundisha miaka mingi, mwanangu. Nimesahihisha insha za watoto wanaoficha jambo. Mtoto anayeficha anaandika sana kuhusu chakula.

Umeniandikia Jumamosi nzima mpaka nyama haina chumvi. Jumapili umeipa mstari mmoja. Mlilala wapi? Asubuhi mlifanya nini? Na wewe uliyenililia nimzuie baba yako, leo unaniambia tuwaache wazike. Hata kumwombea hukumwombea mwishoni kama ulivyozoea. Nani amekubadilisha?

Umemwona. Usinidanganye, Flaviana, nitakulaani kwa ziwa hili ulilonyonya. Umemwona Tito. Yu mzima? Ana miguu yote? Yuko gerezani? Ana ukichaa? Niandikie hata neno moja, hata kama ni baya. Niliwahi kukunyima nini wewe, hata uninyime hili?

Mama

*

Silver Spring, 8 Desemba 2024

Mama,

Nisamehe, leo sitaanza na salamu. Barua hii anakuja nayo Gwakisa, kijana wa ubalozini, anakwenda likizo kwao Tukuyu. Akifika Dar ataikabidhi kwa basi la Bukoba. Namwomba Mungu iwahi.

Yu hai. Ana miguu yote. Hana ukichaa.

Tulilala kwenye nyumba ya wageni. Asubuhi nilirudi uwanjani kutafuta koti la Keza, alilisahau chini ya hema. Watu walikuwa wameshaondoka, wamebaki vijana wanaoshusha mahema. Macaire alikuwa kati yao. Nikashangaa, huyu si tulikuja naye kama mgeni? Aliyekuwa ameinama kando yake aking'oa vigingi akainuka. Mama, amekonda, ana ndevu, lakini masikio ni yale ya Baba. Akasema, "Da Fla." Basi. Nilimpiga kofi, halafu nikamkumbatia, halafu nikampiga tena. Akaniuliza, "Mama anakula?"

Tulikaa kwenye nyasi. Aliacha chuo mwaka wa tatu, masomo yalimshinda, na karatasi za kukaa nchini zikaisha. Kila alipopiga simu nyumbani Baba alimuuliza kitu kimoja tu, mahafali lini, maana ameshawaambia Kamachumu yote kwamba mwanawe ni injinia. Siku moja akashindwa kujibu, akazima simu, na hakuiwasha tena. Anafanya kazi ya mahema. Kila mwaka anaomba apangiwe pale chuoni, awaone wenzake kwa mbali. Mimi nilikuwa juu ya benchi namtafuta kwenye gwaride, naye yuko nyuma ya hema ananitazama. Macaire alijua siku zote.

Nikamwambia, Tito, wanakuzika. Nilidhani atashtuka! Alikuwa ameshaliona lile tangazo. Akaniambia, "Da Fla, niliposoma nililala usingizi wa kwanza baada ya muda mrefu. Waache wazike. Maiti haulizwi cheti." Nilimlilia, Mama. Nilimwambia piga simu sasa hivi, nitakushikia, utasema neno moja tu. Akakataa. Akasema Baba mwenyewe amemwachilia, amemfungulia mlango, na yeye anaupita. Aliniapisha kwa kichwa cha Keza nisiseme. Akasema nyumbani wakijua yu hai atahama hata hapa, na safari hii hata Macaire hatajua aliko.

Nimevunja kiapo kwa sababu ya ile ahadi yako ya shimo. Sasa unajua. Ukisimama useme yu hai, tutampoteza tena, na yeye hatanii. Ukinyamaza, watamzika. Sijui nikushauri nini. Ningekuwa na akili ningekuwa nimeshakushauri.

Flaviana

*

Kamachumu, 5 Januari 2025

Mwanangu Flaviana,

Heri ya mwaka mpya kwako, kwa Christophe na Keza wangu. Kondakta wa basi alinikabidhi barua yako usiku wa kuamkia maziko, nikaisomea chooni kwa tochi. Nilipofika kwenye "yu hai" nilijiziba mdomo kwa kanga nisipige vigelegele. Nimekupa msamaha wote. Kiapo chako Mungu atakifuta, Keza hatapatwa na lolote, nimeshamwombea.

Unataka kujua nilifanya nini. Nilinyamaza. Niliona bora mwanangu aliye hai afe huku kuliko kumfukuza pale ambapo angalau Macaire anajua alipo. Asubuhi nililivua lile sweta nikawapa shemeji zangu, nikasema panya walilibakiza. Nilikaa na wanawake. Nililia, na kulia hakukuwa kazi.

Walichimba nyuma ya nyumba. Mgomba waliufunga shuka jeupe, ukavishwa lile sweta, ukawa na urefu wake kabisa. Saa ya kuzika ilipofika baba yako alisema, "Tungoje kidogo." Wakangoja. Akaenda barabarani, akasimama. Basi la Bukoba likapita, akalitazama mpaka likapotea. Akarudi, wazee wakamwambia, Eliudi, jua ni kali. Akasema, "Tungoje basi lingine." Watu wakadhani moyo unamsumbua, wakamletea kiti. Basi la pili likapita. Simu yake ameishika mkononi hivi, kama mtu anayetazama saa. Mwishowe Leonard ndiye aliyemshika bega, akamtia udongo kiganjani. Akautupa. Kaburi likafukiwa, Leonard akatajwa, akalia kama mtoto, hakuutaka urithi huo.

Watu walipotawanyika nilimkuta baba yako chumbani amekaa kitandani na viatu. Akaniambia, "Domina, nilimtega." Nikasema, ulimtega nani? Akasema, "Tito. Nilijua hajafa. Nikajua ananikasirikia mimi. Nikasema, akisikia namzika atakuja mbio, au atapiga simu anitukane. Nilitaka anitukane, Domina. Ndiyo maana niliwaambia watangaze mpaka Marekani. Hakuna mtoto aliye hai atakayenyamaza baba yake akimfukia." Halafu akasema, "Kumbe kweli amekufa. Nimemzika kweli."

Flaviana, nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Nikamkumbuka Tito na hilo alilosema, kwamba atahama asionekane tena, nikaufunga. Nilimvua baba yako viatu, nikamfunika blanketi.

Tangu siku ile hataki kula. Dawa za moyo anazitia chini ya godoro, nimezikuta. Kuhusu Mwanza amemwambia Leonard afute safari, anasema hana haja ya kupasuliwa. Barabarani haendi tena. Analala na ile simu chini ya shavu, na ukimuuliza anangoja simu ya nani, anasema hamna mtu.

Gwakisa anarudi kwenu wiki hii, nimemtumia barua hii kwa basi hilohilo. Ukiipata usiisome mara mbili. Ingia kwenye gari, nenda kwa Macaire, na asipokuambia aliko Tito kaa mlangoni kwake mpaka akuambie. Mkamate ndugu yako umsomee haya, kwa sauti, akiziba masikio mshike mikono. Mwambie hakuachiliwa na mtu. Mwambie baba yake aliwasimamisha watu juani akingoja basi lake. Aliyekuwa akidai cheti ndiye huyo sasa amelala anatazama ukuta, na hataki cheti cha mtu.

Mimi asinipigie. Mimi najua yu hai. Ampigie baba yake, leo, asingoje kwanza awe mtu.

Mama yenu,
Domina